Mtutu wa bunduki ya marisau unapokwama, kuchafuka au kuota vishimo: kazi ya nyumbani na kazi ya fundi bunduki

Malalamiko kuhusu mitutu ya bunduki za marisau ni yale yale siku zote. Ganda linakataa kutoka, ndani ya mtutu kuna mistari ya kijivu isiyofutika, kuna madoa meusi, kuna kivuli cha pete, au marisau hayatui pale yanapotakiwa kutua. Mara nyingi mwenye bunduki huwa ameshajiamulia tiba kabla hajaujua ugonjwa, na tiba yenyewe ni kuupiga mtutu msasa. Nimeandika mwongozo huu kwa sababu nimeshika mikononi mitutu mizuri iliyoharibiwa kwa tiba hiyo, ilhali kilichokuwa kikiisumbua ni uchafu tu. Uchafu ukiusahau leo utautoa kesho, lakini chuma kikishasagwa hakirudi.

Tuelewane kwanza kwa maneno. Neno risasi nimeliachia madini yenyewe, yale laini ya kijivu. Marisau ni zile punje ndogo zinazorushwa na bunduki. Kinachopakiwa kwenye bunduki nakiita katriji, na kinachobaki baada ya kufyatua ni ganda. Chemba ni sehemu ya nyuma ya mtutu ambamo katriji hukaa. Mbele ya chemba mtutu hupungua upana kwa mteremko mfupi, nao ndio koni. Kisha huja mwendo mrefu wa mtutu, na karibu na mdomo hubana tena, na mbano huo ndio choki. Ukubwa wa mtutu hutajwa kwa namba iitwayo geji. Kwa bunduki ya geji 12 upana wa ndani wa mtutu ni takribani milimita 18.5, na choki kamili huupunguza kwa milimita moja hivi. Vipimo vyote vinavyojadiliwa hapa vinaishi ndani ya hiyo milimita moja.

Pia zipo kazi mbili ambazo watu huzichanganya kwa jina moja. Ya kwanza ni kung'arisha, yaani kulainisha uso wa chuma bila kubadili kipimo chake kwa kiasi cha kuhesabika. Kwa kawaida hufanywa kwa brashi ya msasa, ile yenye vidonge vya mawe kwenye ncha za nyuzi, ambayo hufuata umbo inalolikuta. Ya pili ni kusaga, yaani kuondoa chuma hadi kipimo kibadilike, na hiyo hufanywa kwa mawe magumu yaliyofungwa kwenye mhimili wa mashine. Ya kwanza inaweza kufanywa nyumbani katika sehemu chache nitakazozitaja. Ya pili ni ya fundi, kila mara, hata kwa mtu mwenye mikono mizuri, kwa sababu inahitaji vifaa vya kupimia kabla ya kuhitaji mawe.

Kabla ya dalili yoyote

Hakikisha bunduki haina katriji, kisha hakikisha tena kwa kidole na kwa jicho, na uziondoe katriji zote katika chumba unachofanyia kazi. Utoe mtutu kwenye bunduki. Usiusafishe wala kuusugua ukiwa umefungwa, kwa sababu vumbi la msasa likiingia kwenye mtambo wa kufyatulia litakula pini na chemchemi. Vaa miwani na glavu. Risasi ni sumu, na tope linalotoka mtutuni lina risasi ndani yake, kwa hiyo usile wala usivute sigara mezani hapo, na vitambaa vilivyotumika uvitupe kando mbali na moto, maana vimelowa dawa inayowaka. Uzisome pia sheria za silaha za nchi uliyomo kabla ya kugusa chochote kinachobadili umbo la mtutu.

Halafu safisha, na nina maana ya kusafisha kweli. Lowesha mtutu kwa dawa ya kusafishia bunduki, uuache robo saa au zaidi, pitisha brashi ya shaba ukianzia upande wa chemba, futa kwa kitambaa cheupe, na urudie hadi vitambaa viwili mfululizo vitoke vyeupe. Uchunguzi wa mtutu mchafu hauna thamani yoyote, kwa kuwa utando wa plastiki huziba vishimo na kuchora mistari ambayo haimo kwenye chuma.

Dalili: ganda lililofyatuliwa halitoki, au linatoka kwa kuvutwa kwa nguvu

Hili ndilo lalamiko linaloongoza, na ndilo lenye sababu nyingi kuliko mengine. Zipitie kwa mpangilio huu, wala usiruke.

Sababu ya kwanza kwa wingi ni uchafu ndani ya chemba. Watu husafisha mtutu kwa brashi yenye upana wa mtutu na kusahau kwamba chemba ni pana zaidi, hivyo brashi hupita katikati bila kugusa kuta zake. Mabaki ya plastiki na masizi hujijenga polepole, hasa pale mdomo wa ganda unapoishia, na kufanya pete ngumu ya rangi ya hudhurungi. Tumia brashi ya chemba, au funga kitambaa kilichoroweshwa dawa kwenye brashi kubwa zaidi na uizungushe kwa mkono. Ukimaliza, chukua ganda lile lile lililokwama na ulirudishe chembani kwa vidole: likiingia bila kusukumwa na kutoka kwa kuvutwa na ukucha, umeshamaliza kazi.

Sababu ya pili ni katriji yenyewe. Chukua sumaku ndogo na uiguse kitako cha ganda. Ikinata, kitako hicho ni cha chuma kilichopakwa rangi ya shaba, na si shaba halisi. Kitako cha shaba hutanuka wakati wa mlipuko kisha hurejea nyuma na kuachia kuta za chemba; cha chuma hakirejei vizuri kiasi hicho, na katika chemba yenye mikwaruzo hung'ang'ania. Jaribu boksi la aina nyingine kabla ya kuulaumu mtutu. Kama tatizo linatokea kwa aina moja tu ya katriji, tiba yake ni kuacha kuinunua.

Sababu ya tatu inahitaji umakini kwa sababu ni ya hatari. Urefu ulioandikwa kwenye katriji ni urefu wa ganda likiwa limefunguka baada ya kufyatuliwa, na wakati halijafyatuliwa huwa fupi zaidi, mdomo wake ukiwa umekunjwa. Kwa hiyo katriji ya milimita 76 huingia bila shida katika chemba ya milimita 70, mlango hufunga, na hakuna dalili yoyote hadi unapofyatua. Hapo mdomo wa ganda hufungukia ndani ya koni, njia hubanwa, na shinikizo hupanda. Soma maandishi yaliyogongwa kwenye mtutu na uyalinganishe na boksi. Katika bunduki za zamani utakuta chemba za milimita 65, ambazo hata katriji ya kawaida ya milimita 70 huzizidi. Hakuna msasa unaotibu kosa hili.

Sababu ya nne ndiyo pekee katika orodha hii inayostahili msasa nyumbani: alama za kifaa kilichochonga chemba kiwandani. Ukimulika chemba safi kwa tochi kutoka mdomoni mwa mtutu utaziona kama pete nyembamba zinazofuatana, mfano wa mistari ya parafujo, na kwenye kitako cha ganda lililokwama utaona mikwaruzo inayolingana nazo. Kwa bunduki yenye chemba ya chuma kitupu, isiyopakwa kromi, fanya hivi. Pata brashi ya msasa iliyotengenezwa kwa ajili ya chemba ya geji yako, yenye chembe laini za namba 400 na 800. Funga mtutu kwenye jiliwa kwa mbao au mpira laini ili taya zisiukwaruze wala kuubonyeza. Lowesha brashi na chemba kwa mafuta mengi. Msasa mkavu hukwangua badala ya kulainisha. Iendeshe kwa drili ya mwendo wa chini, mizunguko mia tano hivi kwa dakika, na uipeleke mbele na nyuma bila kutulia mahali pamoja, kwa sekunde 10 hadi 15 tu. Brashi iingie ikizunguka na itoke ikizunguka. Ukiizima ikiwa ndani na kuivuta, kila kidonge kitachora mstari mrefu hadi nje. Futa, mulika, jaribu ganda. Rudia iwapo ni lazima, ukianza na 400 na kumalizia na 800, na uache mara ganda linapoachia. Huhitaji kuzifuta pete zote. Zikishapoteza kingo zake kali zinatosha, na mwenye kutaka chemba ing'ae kama kioo ndiye anayeipanua.

Wapo wanaotumia kijiti cha mbao kilichopasuliwa na kufungwa karatasi ya msasa. Siipendi njia hiyo. Karatasi hubana zaidi upande mmoja, na chemba huishia kuwa na umbo la yai, na chemba ya namna hiyo hushika ganda zaidi ya ilivyolishika mwanzo.

Sababu za tano na za sita ni vishimo vya kutu ndani ya chemba, na ndoana ya kutolea ganda iliyolika au yenye chemchemi iliyochoka. Ya kwanza nitaieleza mbele. Ya pili hujionyesha kwa ukingo wa ganda uliochanika upande mmoja wakati ganda lenyewe liko huru chembani, na sehemu ya kubadilishwa hapo ni ndoana.

*Simama na umwone fundi* ukiona kitako cha ganda kimepasuka au kimevimba, fataki (kile kidude cha katikati ya kitako kinachowasha baruti) iliyotoboka au kusukumwa nje ya mahali pake, au bunduki ya kukunja inayofunguka kwa shida kila baada ya kufyatua. Hizo ni dalili za shinikizo kupita kiasi au za mtutu kuachana na kitako cha mtambo, na kuendelea kufyatua ili "kuhakikisha" ni kucheza na uso wako.

Dalili: mistari ya kijivu au utando unaong'aa usiotoka

Angalia ulipo. Utando wa aina hii hupenda sehemu mbili: mara baada ya koni na kabla kidogo ya choki. Ukiwa na rangi hafifu na ukibanduka kama ngozi ya kitunguu, ni plastiki ya kikombe kinachobeba marisau. Ukiwa wa kijivu, umetawanyika kama madoa ya fedha, na ukikwanguka kwa ncha ya kijiti cha mianzi, ni risasi. Kwa kawaida huwa vyote viwili, tabaka juu ya tabaka, na ndiyo maana dawa moja hufanya kazi nusu kisha ikaonekana imeshindwa.

Sababu ya kawaida ni muda mfupi mno wa kuloweka. Ziba upande mmoja wa mtutu kwa kizibo cha mpira au gome, usimamishe wima, ujaze dawa ya kuondolea plastiki hadi juu ya sehemu yenye utando, na uuache usiku kucha ikiwa maelekezo ya dawa yanaruhusu. Asubuhi pitisha brashi ya shaba. Nimeona tabaka likitoka zima mbele ya brashi, kipande chenye mviringo wa mtutu, upande mmoja laini na upande mwingine ukiwa na alama za masizi, na nyuma yake chuma kikiwa safi kabisa. Mwenye bunduki hiyo alikuwa tayari amenunua mawe ya kusagia.

Utando ukibaki, zungushia brashi ya shaba iliyochakaa stilwaya laini kuliko zote, ile ya namba 0000, uitie mafuta na uipitishe kwa mkono, ama kwa drili ya mwendo wa chini, sehemu yenye utando peke yake. Stilwaya hiyo huondoa risasi bila kula chuma cha mtutu. Usitumie stilwaya nene ya kusugulia sufuria.

Usitumie zebaki, hata kama mzee wa uwindaji amekuambia waliitumia zamani. Ni kweli huyeyusha risasi, na ni kweli mvuke wake ni sumu ya ubongo. Usitumie pia mchanganyiko wa siki na peroksaidi, kwa kuwa hugeuza risasi kuwa chumvi yenye sumu inayopenya mwilini kwa urahisi, na ukimwagikia nje hula rangi ya buluu ya mtutu.

Sababu ya pili ni koni yenye mikwaruzo kutoka kiwandani. Dalili yake ni utando unaorudi mahali pale pale baada ya katriji chache tu, ilhali sehemu nyingine ya mtutu inabaki safi. Kuing'arisha koni kwa brashi ya msasa kwa masharti yale yale niliyoyataja ya chemba kunawezekana nyumbani. Kuirefusha, jambo ambalo wengi hulitamani kwa matumaini ya kupunguza teke la bunduki, hakuwezekani, kwa sababu kunahitaji kirima, yaani kifaa cha kupanulia tundu, kinachoongozwa katikati ya mtutu, na ukuta wa mtutu hapo ndipo unapobeba shinikizo kubwa. Kirima kikienda upande, ukuta mmoja unakuwa mwembamba na hakuna atakayeuona kwa macho.

Sababu ya tatu, adimu zaidi, ni mikwaruzo mirefu iliyoachwa na marisau ya chuma katika mtutu wa zamani uliotengenezwa kwa ajili ya marisau ya risasi. Mistari hii haifutiki kwa dawa yoyote kwa sababu si uchafu. Acha kutumia katriji hizo katika mtutu huo na umwonyeshe fundi, hasa kama choki ni ya kubana sana, kwani marisau ya chuma hayabonyei na huweza kuuvimbisha mdomo.

Dalili: madoa meusi na vishimo vya kutu

Hapa ndipo hamu ya kusugua huwa kubwa na ndipo hasara huwa kubwa zaidi, kwa hiyo nitakaa kidogo na hesabu. Chukua kishimo chenye kina cha milimita 0.1. Ili kitoweke kabisa, ni lazima ushushe uso wote wa chuma hadi sakafu ya kishimo hicho, kuzunguka mtutu mzima, kwa sababu mtutu lazima ubaki mviringo. Ukiondoa 0.1 kila upande, upana unaongezeka kwa 0.2. Mtutu wa milimita 18.5 unakuwa 18.7, na ukuta wake umepungua kila mahali kwa ajili ya kishimo kimoja. Kikiwa cha 0.2, upana unafika 18.9, na choki iliyokuwa nusu sasa inabana zaidi ya ilivyokusudiwa, kwa sababu choki hupimwa kwa tofauti kati ya mtutu na mdomo.

Ukuta wenyewe si mnene kama watu wanavyodhani. Karibu na chemba ni mzito, lakini kuelekea mbele hupungua, na katika bunduki nyepesi za mitutu miwili mafundi wengi wa Uingereza huchukulia nusu milimita kuwa kikomo cha chini katika sehemu nyembamba zaidi. Nusu milimita ni nyembamba kuliko kadi moja ya benki. Kuupima kunahitaji kipima ukuta chenye mkono mrefu unaoingia mtutuni. Venia ya mdomoni haikuambii lolote kuhusu katikati.

Katika nchi zenye mtindo wa kupima mitutu kwa shinikizo kabla ya kuiuza, suala hili ni la sheria vilevile. Nyumba ya upimaji ya Birmingham ilianzishwa mwaka 1813, na Uingereza ina sheria ya upimaji wa mitutu ya mwaka 1868. Nchi kadhaa za Ulaya zinafuata viwango vya tume ya kimataifa inayojulikana kama C.I.P., iliyoanzishwa mwaka 1914. Mtutu uliopanuliwa kupita kiasi kilichogongwa kwenye alama zake huhesabiwa umetoka nje ya upimaji, na ongezeko lisilofika hata nusu milimita linatosha. Kuuza bunduki ya namna hiyo Uingereza bila kuipima upya ni kosa. Marekani haina sharti hilo la serikali, hivyo huko mzigo wa kuhakiki unabaki kwa mwenye mtutu na fundi wake.

Sasa sababu. Inayoongoza ni bunduki kuwekwa katika ala ya ngozi au ya kitambaa ikiwa na unyevu. Kutu huanzia pale ala ilipogusa na mdomoni. Ya pili ni katriji za zamani zenye fataki za chumvi, ambazo mabaki yake hunyonya unyevu wa hewani. Hizo huoshwa kwa maji ya moto kwanza, kisha hukaushwa na kupakwa mafuta, kwani dawa ya mafuta peke yake haiondoi chumvi. Ya tatu ni kutu iliyojificha chini ya utando wa plastiki, ambayo huonekana siku utando unapotoka, na hivyo watu hudhani dawa ndiyo iliyoharibu mtutu.

Tiba yangu kwa vishimo vidogo vilivyotawanyika ni hii: ondoa kutu hai kwa stilwaya ya 0000 na mafuta, futa, paka mafuta membamba, na uviache. Marisau ya katriji nyingi za kisasa husafiri ndani ya kikombe cha plastiki na hayagusi ukuta, kwa hiyo kishimo kidogo hakibadilishi mtawanyiko. Kinachoongezeka ni muda wa kusafisha. Nimewaambia hivyo watu waliokuja wakitaka mtutu usagwe, na wengine hawakufurahi, lakini bado wanazo bunduki zao.

*Simama na umwone fundi* vishimo vikiwa na kina cha kushika ncha ya sindano, vikifuatana kama mstari, vikiwa ndani ya chemba au koni, au mtutu ukiwa wa chuma kilichosukwa, ule wenye michirizi kama ya mbao upande wa nje. Mitutu iliyosukwa ina mishono mingi ya kufuliwa, na kutu huweza kusafiri ndani ya mishono hiyo bila kuonekana.

Neno moja kuhusu kromi. Mitutu mingi ya kisasa imepakwa kromi ndani, na kromi ni ngumu kiasi kwamba msasa wa kawaida hauili vizuri. Ukilazimisha, unaitoboa mahali pamoja na kingo zake huanza kubanduka. Soma kijitabu cha bunduki, au uulize kwa mtengenezaji kabla hujagusa. Mtutu wa kromi husafishwa tu, hata chemba yake.

Dalili: pete ya kivuli ndani ya mtutu

Elekeza mtutu mtupu, uliotolewa kwenye bunduki, kwenye dirisha lenye mwanga na uangalie kupitia ndani huku ukiuzungusha taratibu. Katika mtutu mzima mwanga hukaa kama miduara mfululizo. Kivuli cha nusu mwezi upande mmoja kina maana ya mbonyeo. Pete kamili ya giza ina maana ya uvimbe. Pitisha kidole upande wa nje, na mara nyingi utausikia.

Mbonyeo hutokana na kuanguka au kugongwa. Fundi huuinua kutoka ndani kwa kifaa cha haidroliki, na akimaliza husugua kidogo sana. Mtu wa nyumbani akiusugua mbonyeo kwa msasa, mawe hukwangua kilele chake, na siku fundi atakapouinua patabaki sehemu nyembamba kama karatasi.

Uvimbe hutokana na kizuizi: tope mdomoni, kitambaa kilichosahaulika, kikombe cha katriji iliyokuwa dhaifu kikabaki ndani, au katriji ya geji 20 iliyotumbukia katika mtutu wa geji 12, ikapita chemba na kukaa mbele yake, kisha ikafuatwa na katriji ya geji 12. Ndiyo sababu katriji za geji 20 hutengenezwa kwa rangi ya manjano. Mtutu wenye uvimbe usifyatuliwe tena, hata mara moja, hadi fundi aupime.

Dalili: marisau yanatawanyika vibaya

Hapa msasa karibu kamwe si jibu. Pima kwanza: karatasi kubwa kwa umbali wa mita 36.6, duara la sentimita 76 likizungushiwa penye marisau mengi zaidi, na ufyatue mara 10 kwa aina moja ya katriji kabla ya kuhesabu wastani. Choki kamili hutarajiwa kuweka takribani asilimia 70 ya marisau ndani ya duara, nusu choki asilimia 60, na mtutu usio na choki asilimia 40. Badilisha katriji, kisha badilisha choki kama ni ya kufungua na kufunga. Mtutu usagwe au upanuliwe na fundi tu, na tu baada ya karatasi kuonyesha tatizo.

Dalili zinazotokea baada ya kusugua nyumbani

Kitambaa kinaendelea kutoka cheusi hata baada ya kusafishwa mara nyingi. Hizo ni chembe za msasa zilizobaki, na mafuta peke yake huzisambaza tu. Osha mtutu kwa maji ya moto na sabuni ya vyombo kwa brashi ya nailoni, suuza kwa maji ya moto zaidi ili ujikaushe wenyewe, kausha kwa kitambaa na upake mafuta hapo hapo. Brashi iliyotumika kwenye msasa isirudi tena kwenye usafi wa kawaida.

Mtutu unashika kutu upesi kuliko zamani. Chuma kipya kilichofunuliwa hakina ulinzi wowote, na mistari ya msasa hushika unyevu. Upake mafuta baada ya kila safari na uukague baada ya wiki. Hali hii ikiendelea katika mtutu uliokuwa wa kromi, maana yake kromi imeisha mahali hapo.

Choki ya kufungua haiingii, au inaingia nusu na kukaza. Msasa umepita kwenye hesi zake au umeacha chembe humo. Safisha hesi kwa brashi ya meno na dawa, na ujaribu kwa vidole pekee. Isipoingia kwa vidole, usitumie ufunguo. Na usifyatue bila choki, kwa kuwa hesi zilizo wazi huweza kuharibika.

Mtutu wa bunduki ya mitutu miwili ukining'inizwa kwa kamba kwenye ndoano yake na kugongwa kwa fundo la kidole unalia kama kengele iliyofunikwa badala ya kengele wazi. Lehemu ya utepe wa kati, ule unaoiunganisha mitutu miwili, imeachia, labda kwa kubanwa na jiliwa. Maji yataingia chini ya utepe na kutu itaanzia ndani. Hiyo ni kazi ya fundi.

Mistari mirefu inayokwenda moja kwa moja hadi nje ni alama ya brashi iliyovutwa ikiwa imesimama. Usijaribu kuifuta kwa kusugua zaidi.

Unapoupeleka mtutu kwa fundi

Peleka mtutu pamoja na maganda matatu au manne yaliyosumbua, boksi la katriji, na karatasi ulizopimia mtawanyiko. Maganda humweleza fundi mengi kuliko maelezo ya mdomo. Mwambie kila ulichokwisha kufanya, pamoja na namba ya msasa. Muulize kama anacho kipima ukuta na kipima upana wa ndani, na umwombe aandike vipimo vya upana na vya ukuta kwa kila hatua ya urefu wa mtutu kabla ya kusugua na baada yake. Fundi anayejua kazi yake hataona swali hilo kuwa dharau, kwa sababu vipimo hivyo anavichukua hata usipomwomba. Anayetaka kuanza na mawe kabla ya kupima, uchukue mtutu wako urudi nao nyumbani.

Ukiupokea, uoshe hata kama umekabidhiwa ukiwa umepakwa mafuta, pitisha kitambaa cheupe hadi kitoke cheupe, uangalie kupitia dirishani ukiuzungusha, na karatasi ya vipimo uihifadhi pamoja na hati za bunduki, ili yeyote atakayeushika mtutu huo baadaye ajue ukuta umebaki na unene kiasi gani.